Jedwali radidia
Jedwali radidia ni mpangilio wa elementi za kikemia kwa kufuata namba atomia. Mrusi Dmitri Mendeleev alichapisha lake mwaka 1869, akizipanga elementi kwa uzani wa atomi. Ujasiri wake mkubwa ulikuwa kuacha nafasi tupu kwa elementi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Mwaka 1875 Lecoq de Boisbaudran aligundua galiamu, mojawapo ya elementi hizo, nchini Ufaransa, akapima densiti yake na kupata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi hata kuishika, alisisitiza ipimwe upya, kwani ilipaswa kukaribia 6. Iliposafishwa vyema, ikawa 5.9. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alithibitisha kwa eksirei kwamba msingi wa mpangilio ni chaji ya kiini cha atomi, yaani namba atomia, wala si uzani. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27 tu.