Kura za Kata ya Pili

Sehemu ya Kwanza

Msomaji wangu, sogea karibu. Leo nakupeleka Ann Arbor, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Michigan, Marekani. Ni mwanzoni mwa Aprili 1974. Wakazi wa Kata ya Pili wanachagua diwani.

Mmoja wa wagombea ni binti wa miaka 21, mwanafunzi. Anaitwa Kathy Kozachenko.

Umewahi kulisikia jina hilo? Nadhani hapana, na wala usijilaumu. Wamarekani wengi nao hawalijui, jambo ambalo linaniuma, na mwishoni utaona kwa nini.

Kathy anapenda wanawake wenzake. Halifichi. Wapiga kura wanalijua kabla hawajaingia kituoni.

Unasema, basi, kuna nini hapo? Subiri, usinikimbize.

Mwaka 1961, kule San Francisco, José Sarria aligombea hali watu wakijua kwamba anapenda wanaume. Akaanguka. Mwaka 1971 Frank Kameny akajaribu Washington. Naye akaanguka. Mwaka 1973 Harvey Milk, yule ambaye baadaye dunia ingemjua, akaomba kura huko huko San Francisco. Chini!

Katika nchi yote ile, hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya wapiga kura, akajitaja alivyo, kisha akashinda.

Na usisahau hali ya wakati ule. Ilikuwa Desemba 1973 tu, miezi michache kabla ya kura hii, ambapo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliacha kuwahesabu watu kama Kathy kuwa wagonjwa. Fikiria: juzi ulikuwa kwenye orodha ya magonjwa, leo unaomba udiwani.

Sasa tufungue nyaraka. Michigan Daily, gazeti la wanafunzi wa chuo kile, limehifadhiwa ukurasa kwa ukurasa. Ann Arbor Sun, gazeti la vijana wenye siasa kali, limewekwa kwenye intaneti na maktaba ya mji. Yeyote anaweza kuyasoma bila kulipa hata senti.

Unatarajia kukuta nini humo? Mapenzi? Kashfa? Wachungaji wakilaani?

Utakutana na kodi ya nyumba!

Naam. Wanafunzi wanalia na wenye nyumba. Chama cha Kathy, Human Rights Party, kimepeleka kwa wapiga kura pendekezo la kudhibiti kodi za nyumba, lipigiwe kura siku hiyo hiyo. Kando yake kuna pendekezo jingine: anayekutwa na bangi kidogo atozwe faini ya dola 5, basi, aende zake.

Hapo ndipo kampeni ilipokuwa: wapangaji, wanafunzi, pesa zinazoishia mifukoni mwa wenye nyumba. Kathy hakujificha, wala hakuufanya moyo wake kuwa bango. Aliomba kura kwa habari ya dari inayovuja na bei ya chumba. Mimi nasema huo ndio ujasiri wenyewe.

Lakini chama hiki cha vijana kilipata wapi nguvu? Mwaka 1971 Marekani ilishusha umri wa kupiga kura nchi nzima, kutoka miaka 21 hadi 18. Mji uliojaa wanafunzi ukageuka ghafla kuwa mji uliojaa wapiga kura. Mwaka 1972 chama kikaingiza madiwani wawili, Nancy Wechsler na Jerry DeGrieck.

Wawili hao nao walikuwa na siri, wakaitoa hadharani mwaka 1973. Ila walikuwa wamekwisha kuchaguliwa! Watu waliwapa kura kwanza, wakawajua baadaye.

Kwa Kathy ni kinyume. Watu wamekwisha kumjua. Je, kura watampa?

Usiku unaingia. Vituo vimefungwa. Hesabu inaanza.

Pendekezo la kodi ya nyumba: limeanguka. Jambo lenyewe ambalo chama kililipigania! Unausikia moyo wa Kathy?

Faini ya dola 5: imepita.

Na Kata ya Pili? Anayemkimbiza Kathy ni mgombea wa chama cha Democratic, na pengo ni jembamba mno.

Kura 52.

Zimeegemea upande gani?

Upande wa Kathy! Amepita. Kwa kura 52 tu, watu wasiojaza hata basi moja kubwa, mlango uliowakatalia wanaume watatu umefunguliwa na mwanafunzi wa miaka 21.

Ungedhani kesho yake nchi nzima ingemwimba. Haikuwa hivyo. Alitumikia kipindi chake cha miaka miwili, akaondoka, na jina likazama kwenye kurasa za magazeti yale. Wangapi waliandika baadaye kwamba Milk, aliyeshinda mwaka 1977, ndiye wa kwanza? Ndiyo maana nakuomba tusizidharau karatasi kuukuu.

Unataka kufunga gazeti? Bado!

Mwaka ule ule, Boston. Mwalimu wa chuo, Elaine Noble, ambaye kama Kathy hafichi kwamba anapenda wanawake, anawania kiti cha bunge la jimbo la Massachusetts, na safari hii si mji wa wanafunzi wapole. Tangu Septemba Boston inawaka kwa ugomvi wa kuchanganya watoto weusi na weupe mashuleni, na Elaine anaunga mkono mabasi yanayowasafirisha watoto hao.

Mwenyewe alisimulia baadaye: madirisha ya ofisi ya kampeni yalivunjwa. Gari lake likaharibiwa. Wageni waliokwenda kwake walisumbuliwa. Kisha zikaja risasi, kupitia madirisha ya nyumba yake.

Ajitoe?

Hajitoi. Sasa ni Novemba 5, 1974, na watu wa Fenway na Back Bay wanaingia vituoni. Wamo wapiga kura anaowategemea sana, na wala si vijana unaowafikiria.

Ni akina nani? Nao watathubutu?

Wiki ijayo, hapa hapa.