Betri ya Gari la Umeme Kuwasha Nyumba: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Mwazye na Uwanda wa Ufipa

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Umeme unapokatika usiku katika Kata ya Mwazye, Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, mwenye duka hufunga mapema, mwanafunzi hufunika daftari na muuguzi wa zamu hutafuta tochi. Kwa miaka mingi mkoa huu umekuwa nje ya Gridi ya Taifa, ukitegemea umeme unaonunuliwa Zambia kupitia Mbala pamoja na majenereta ya dizeli mjini Sumbawanga. Mradi wa TAZA, wenye njia ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, unalenga kuondoa hali hiyo. Hata hivyo, kaya yoyote iliyo mwisho wa laini ndefu inahitaji akiba yake ya umeme, na gari la umeme ni mojawapo ya vyanzo vya akiba hiyo.

Betri ya gari ni ghala la umeme

Wananchi wengi wamezoea kuwasha redio au taa kwa betri ya kawaida ya gari. Betri hiyo ya volti 12, yenye ukubwa wa Ah 60, huhifadhi takriban uniti 0.7 tu, na imeundwa kuwasha injini, hivyo huharibika haraka inapomalizwa chaji mara kwa mara. Betri ya gari la umeme ni kitu kingine. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoingia sokoni Desemba 2010, ina betri ya uniti 24, sawa na betri za kawaida zaidi ya 30.

Wazo la kuirudisha nishati hiyo nyumbani lilipata nguvu nchini Japani baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya Machi 2011, ambapo maeneo mengi yalikosa umeme. Mwaka 2012, kampuni ya Nissan ilileta mfumo wa kulisha nyumba kutoka kwenye gari la Leaf wenye uwezo wa kilowati 6.

Njia tatu za kuutumia umeme huo

Njia ya kwanza ni soketi ya gari lenyewe. Baadhi ya magari mapya hutoa umeme wa volti 230 kupitia adapta maalumu, na mtumiaji huchomeka taa, televisheni au jokofu moja kwa moja. Tahadhari inahitajika kwa magari yaliyotumika kutoka Japani: soketi zake hutoa volti 100, ilhali vifaa vyetu hutumia volti 230.

Njia ya pili ni chaja ya njia mbili. Kifaa hiki huchukua mkondo mnyoofu wa betri, hukigeuza kuwa mkondo geu na kuulisha mfumo mzima wa nyumba. Ni lazima gari na chaja viwe vimeundwa kufanya kazi pamoja. Si kila gari la umeme linaweza kutoa umeme.

Njia ya tatu ni kutumia betri iliyochoka barabarani. Betri iliyobakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake hupunguza safari ya gari, lakini bado inaweza kuhifadhi umeme wa sola kwa ajili ya nyumba, mradi ipate mfumo wa kudhibiti chaji na joto la kila seli.

Hesabu ya kaya moja

Taa tano za LED za wati 7 zikiwaka saa tano hutumia uniti 0.18. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne hutumia 0.24, na simu nne hutumia takriban 0.04. Jokofu dogo likikadiriwa uniti moja kwa siku, jumla inakaribia uniti 1.5.

Betri ya uniti 24 iliyobakiwa na asilimia 70 ya uwezo ina uniti 16.8. Mmiliki akiacha asilimia 40 kwa ajili ya safari, hubaki takriban uniti 10, na baada ya upotevu wa kubadili mkondo, uniti 9. Kaya hiyo itakaa siku sita bila giza. Vifaa vya joto hubadili hesabu: hita ya maji ya wati 2,000 ikiwaka saa moja hula uniti mbili.

Baridi ya Ufipa ya Juni na Julai nayo hupunguza kidogo uwezo wa betri. Aidha, kwa soketi ya kawaida inayotoa kilowati 2.3, kuijaza betri ya uniti 24 iliyo tupu huchukua zaidi ya saa kumi. Ni busara kuchaji mapema, hususan msimu wa mvua.

Usalama kwanza

Hatari kubwa ni kuingiza umeme wa gari kwenye nyaya za nyumba ambayo bado imeunganishwa na laini ya TANESCO. Umeme huo hurudi hadi kwenye transfoma, ambayo huupandisha kuwa maelfu ya volti, na fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa anaweza kupoteza maisha. Kwa sababu hiyo, ni lazima iwepo swichi ya chenji-ova inayotenganisha vyanzo viwili. Waya wenye plagi pande zote mbili usitumike kamwe.

Vilevile, betri ya gari la umeme hubeba takriban volti 350 hadi 400 za mkondo mnyoofu. Nyaya zake za rangi ya chungwa zisiguswe na fundi asiye na mafunzo. Kazi ya kufunga mfumo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, baada ya kushauriana na ofisi ya TANESCO iliyo karibu. Nyumba iwe na waya wa ardhini ulio imara, na gari lichomolewe wakati wa radi.

Je, inafaa Mwazye?

Kununua gari la umeme kwa ajili ya taa pekee ni gharama isiyo na msingi. Sola ndogo yenye betri yake hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu zaidi. Faida hupatikana pale ambapo gari tayari linahitajika kwa usafiri, na mwenye gari ana paneli za sola au umeme wa kulichaji. Kabla ya kununua, mwananchi aulize mambo manne: je, gari hili linatoa umeme? Ni wa volti ngapi? Betri imebakiwa na uwezo kiasi gani? Na baada ya kuwasha nyumba usiku kucha, chaji itakayobaki asubuhi itatosha kumfikisha mgonjwa hospitalini Sumbawanga?