Chuma Juu ya Chuma: Historia ya Fremu za Matela Temeke na Kinondoni

Tela, yaani chombo chenye magurudumu na kitako cha kubebea mzigo lakini kisicho na injini yake, halijapewa nafasi kubwa katika historia ya usafiri wa Dar es Salaam, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa kufuata reli, bandari na mabasi ya abiria. Hata hivyo, kwa anayetaka kuelewa jinsi maarifa ya chuma yalivyotoka katika karakana kubwa na kuingia katika vibanda vya Chang'ombe, Keko na Tandika upande wa Temeke, na vya Mwenge, Tandale na Tegeta upande wa Kinondoni, ni vigumu kupata shahidi bora kuliko fremu ya tela, kwa sababu viungo vyake viko wazi na kazi ya fundi husomeka na yeyote atakayeinama kuitazama. Ufundi wa kuimarisha fremu hizo ulitokana na hali moja ya kudumu: vyombo vilivyosanifiwa kwa barabara na mizigo ya nchi nyingine vilitakiwa kubeba mizigo mingine, mahali pengine. Hapo ndipo ilipozuka imani, ambayo bado ina nguvu, kwamba dawa ya chuma kilichochoka ni chuma zaidi, na sehemu kubwa ya historia hii ni ya jinsi imani hiyo ilivyosahihishwa, polepole na mara nyingi kwa hasara.

Mizizi ya mbali ni ya reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya utawala wa Wajerumani, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na karakana zilizoihudumia njia hiyo, ambazo baada ya Vita Kuu ya Kwanza zilipita mikononi mwa Waingereza, zilihitaji watu wa kufua, kupinda na kuunga vyuma vinene kuliko vile alivyovizoea mhunzi wa majembe. Fremu za wakati huo ziliungwa kwa ribiti, yaani vijiti vinene vya chuma vilivyopenyezwa vikiwa vya moto katika matundu yaliyolingana, kisha vikagongwa upande wa pili hadi vikafanya kichwa. Uchomeleaji wa umeme ulikuwa bado mchanga: fimbo ya kuchomelea iliyovikwa ganda la kukinga chuma kinachoyeyuka dhidi ya hewa ilibuniwa na Oscar Kjellberg wa Sweden mwanzoni mwa karne ya 20, na ulipita muda kabla ya wahandisi kuiamini katika vyombo vya kubeba uzito. Ni katika karakana za reli duniani pia ilikoenea njia rahisi ya kutafuta ufa usioonekana kwa jicho, ambapo mafuta mepesi hupakwa juu ya chuma, huachwa yapenye, hupanguswa, kisha hupakwa unga mweupe, na mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hujitokeza yakauchora mstari wake. Mafuta ya taa na chaki vinatosha kwa kazi hiyo hata leo.

Tela la barabarani lilipata umuhimu wake hasa baada ya tarehe 11 Novemba 1965, siku ambayo serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru katika Rhodesia ya Kusini, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kusini, ikalazimika kuugeuzia uso mji wa Dar es Salaam. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, zikishirikiana na kampuni ya Kiitaliano, ziliunda shirika la usafirishaji lililoitwa Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yenye matela yakaanza kupandisha mafuta na kuteremsha shaba katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, na ambayo kwa ajali zake waandishi wa Kiingereza waliipachika jina la Njia ya Jehanamu. Wakati wa masika adui alikuwa tope. Wakati wa kiangazi alikuwa matuta madogo madogo yanayojipanga kama mawimbi juu ya barabara ya vumbi, ambayo hayavunji kitu kwa pigo moja bali hukitikisa mara nyingi mno. Mtikisiko wa namna hiyo huleta kile wahandisi wanachokiita uchovu wa chuma, yaani hali ya chuma kupasuka kwa kurudiwarudiwa na mzigo mdogo ambao, kama ungewekwa mara moja tu, kisingeuhisi. Katika mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, lilikuwapo tatizo jingine, kwa kuwa lori linapopunguza mwendo tela huendelea kulisukuma kwa nyuma, na mkono wa kuvutia, uliozoea kunyooshwa, hujikuta ukikandamizwa. Fundi aliyepokea tela lililorudi kutoka mpakani Tunduma alikuwa, bila kuchagua, mwanafunzi wa uchovu wa chuma.

Bomba la mafuta la TAZAMA lililofunguliwa mwaka 1968, lami iliyowekwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 iliyozinduliwa rasmi mwaka 1976, vyote vilipunguza ukali wa safari hiyo. Maarifa yaliyopatikana, hata hivyo, hayakuondoka. Eneo la viwanda la Chang'ombe na ukanda wa Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, viliendelea kuwa makao ya kazi za magari makubwa, huku dola ikijenga taasisi zake: kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, chuo cha ufundi cha Chang'ombe, na baadaye kiwanda cha TAMCO cha Kibaha kilichounganisha malori ya Scania.

Kilichofuata ni uhaba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakauka. Lori bovu lililoegeshwa likageuka ghala: ekseli yake ikawa ekseli ya tela au ya mkokoteni, springi zake zikahamia kwingine, na mihimili ya chasisi yake, yaani zile nguzo mbili ndefu zinazobeba kila kitu, ikakatwa vipande vya kuimarishia fremu za wengine. Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mihimili ya malori mengi makubwa hutengenezwa kwa chuma kilichopewa nguvu kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu, na moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo pembeni mwa mshono, hivyo kiraka kilichoonekana imara kilidumu chenyewe huku ufa mpya ukianzia vidole viwili kando yake. Lawama ilimwangukia dereva au barabara, mara chache fundi.

Katikati ya miaka ya 1980 hali iligeuka tena. Daladala ziliruhusiwa rasmi mwaka 1983, masharti ya kuagiza bidhaa yakalegezwa kuanzia mwaka 1984, na magari madogo ya mizigo yakaingia kwa wingi, mengine yakiwekewa mabenchi yanayotazamana na kuitwa chai maharage. Kazi ya kuyajengea bodi ilizifungulia mlango gereji bubu, jina la mjini la karakana zisizosajiliwa ambazo hufanya kazi uani au chini ya mwembe, na humo ndimo tela dogo la kuvutwa na gari la kawaida, la kubebea jenereta, tangi la maji, boti au vifaa vya kambi, lilipoanza kuundwa kwa vyuma vya dukani. Vyuma hivyo ni vya aina mbili kuu: chaneli, yenye ubavu mmoja uliosimama na midomo miwili juu na chini, na bomba la mraba. Bomba hupendwa kwa wepesi na sura nzuri, lakini katika mji wenye upepo wa chumvi huoza kutoka ndani, mahali pasipofikiwa na rangi, na anayelikagua kwa macho tu atadanganyika. Kuligonga kwa nyundo na kusikiliza mlio mzito wa chuma kilichokonda kunafaa zaidi.

Ukaguzi wenyewe una mpangilio ambao historia iliyotangulia inaueleza. Huanza penye makutano ya mkono wa kuvutia na fremu, kwa sababu hapo nguvu zote za kuvuta na kusukuma hukutana, kisha hufuata vikamatio vya springi na ncha za kila mshono wa zamani, na mstari mwembamba wa kutu uliochomoza juu ya rangi huhesabiwa kuwa ufa hadi ithibitike vinginevyo. Ufa ukipatikana, tundu dogo hutobolewa katika ncha yake ili usiendelee kutambaa, ndipo unapochimbwa na kujazwa. Bamba la kuimarisha huwekwa ubavuni mwa chaneli na ncha zake hukatwa mshazari, kwa kuwa bamba lililokatwa wima huhamisha mzigo wote ghafla mahali pamoja; kuchomelea kwa kukatiza mdomo wa chini, unaovutwa zaidi kuliko sehemu nyingine zote, huepukwa. Mwishoni hutazamwa mahali ilipo ekseli, kwani tela dogo la ekseli moja hutulia barabarani iwapo takribani asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote imeegemea ndoano ya gari, na likikosa uzito huo huanza kuyumba kwa mwendo wa kasi. Chuma kilichoongezwa nyuma ya fremu kwa nia njema huweza kuleta hatari hiyo hiyo.

Sheria imeyafuatilia zaidi matela makubwa. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56, na mizani ya Vigwaza huyapima malori yanayotoka mjini kuelekea Morogoro. Kwa tela dogo linalovutwa kutoka Mbagala au Tegeta, ukaguzi wa kando ya barabara na ule wa Wiki ya Nenda kwa Usalama hushughulika zaidi na taa, matairi na breki, vitu vinavyoonekana bila mtu kulala chini. Fremu huachwa kwa mwenye tela na fundi wake, na bei ya karakana huhesabiwa kwa chuma kilichotumika na fimbo zilizoteketea, utaratibu ambao haumlipi fundi chochote kwa saa aliyoitumia chini ya tela akitafuta ufa, wala kwa bamba aliloshauri lisiwekwe.