Nusu dakika ya magoti Warsaw

Jumatatu, tarehe 7 Desemba 1970, Kansela wa Ujerumani Magharibi, Willy Brandt, alifika mbele ya mnara wa mashujaa wa geto la Warsaw, Poland. Kazi yake pale ilijulikana: aweke shada la maua, anyooshe utepe wake, arudi nyuma, ainamishe kichwa, aondoke. Akaweka shada. Akanyoosha utepe. Akarudi nyuma. Kisha akashuka, magoti yote mawili yakatua juu ya jiwe lililolowa. Alikaa hivyo kama nusu dakika, mikono ameikutanisha mbele, na hakutamka neno. Msaidizi wake wa karibu, Egon Bahr, alikuwa nyuma ya msongamano wa wapiga picha na hakuona kitu. Alisikia tu ukimya umeingia ghafla, halafu mtu akanong'ona kwamba Kansela amepiga magoti.

Kwa Kiswahili goti lina sura mbili, na hazipatani. Bibi harusi akipiga magoti kuwalisha wakwe keki, ukumbi mzima hupiga vigelegele. Timu yetu ikifungwa nyumbani, magazeti ya kesho yake huandika kwamba imepigishwa magoti, na hapo hakuna wa kushangilia. Hata shikamoo, ambayo tunaitoa mara kumi kabla ya saa nne asubuhi, ni kupiga magoti kwa mdomo: asili yake ni “nashika miguu yako”. Katika Pwani ya karne ya 19 ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake, naye bwana akaitika marahaba. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini salamu haikwenda nao. Ilihama kutoka kwa bwana ikaenda kwa mwenye umri. Leo mtoto wa waziri humwamkia mpishi wa nyumbani kwao shikamoo, na asipofanya hivyo mama yake humkaripia. Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni nani analazimika kulitamka, na kwa nani.

Wajerumani wa 1970 walibishana juu ya jambo hilo hilo. Je, mkuu wa serikali yao ametoa heshima, au amelidhalilisha taifa? Jarida la Der Spiegel liliitisha kura ya maoni: asilimia 48 walisema amezidisha, asilimia 41 wakasema amefanya inavyostahili.

Ili kuuelewa ubishi huo, lazima ujue pale alipopiga magoti palikuwa mahali gani. Geto hapa si chumba cha kapera. Novemba 1940 Wanazi waliwafungia Wayahudi wa Warsaw nyuma ya ukuta, watu zaidi ya 400,000 katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja. Njaa na typhus, homa inayoenezwa na chawa, viliua kila siku. Katika kiangazi cha 1942, kwa muda wa wiki chache tu, zaidi ya watu 250,000 walipakiwa kwenye treni na wengi wao wakapelekwa kuuawa katika kambi ya Treblinka. Waliobaki waliinuka tarehe 19 Aprili 1943 wakiwa na bastola na mabomu ya kujitengenezea, wakapigana karibu mwezi mzima kabla mtaa wote haujachomwa na kubomolewa. Mnara uliosimamishwa hapo mwaka 1948 ni kazi ya mchongaji Nathan Rapoport, na sehemu ya mawe yake ilikuwa imeagizwa na Wanazi wenyewe kutoka Sweden kwa ajili ya minara ya ushindi wao.

Na Brandt alikuwa nani? Kama kuna Mjerumani ambaye hakudaiwa kitu mahali pale, ni yeye. Jina alilozaliwa nalo ni Herbert Frahm. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, kijana huyo wa miaka 19 alikimbilia Norway akitumia jina la kujificha la Willy Brandt, akafanya kazi dhidi ya utawala ule, na mwaka 1938 ukamvua uraia. Waliovaa sare za Hitler walikuwa wamekaa nyumbani wakitazama televisheni. Aliyewakimbia ndiye aliyepiga magoti. Baadaye aliandika kwamba hakuwa amepanga, alifanya tu kile ambacho watu hufanya maneno yakikosekana. Mimi namwamini. Goti la kupangwa hutafuta kamera. Lile lilimpa kazi ya kujieleza kwa miaka.

Siku hiyo hiyo alitia saini mkataba wa kuutambua mpaka wa mito ya Oder na Neisse, yaani kukubali kwamba ardhi kubwa ya mashariki iliyokwenda Poland baada ya vita isingerudi. Wapinzani walimwona mwuza nchi. Aprili 1972 walijaribu kumwondoa madarakani kwa kura ya bunge, wakapungukiwa kura mbili.

Watanzania tuna kumbukumbu yetu ya serikali ya Bonn, yaani ya Ujerumani Magharibi, ya kabla yake. Mwaka 1965 ilikasirika kwa kuwa Ujerumani Mashariki, iliyokuwa imetambuliwa na Zanzibar kabla ya Muungano, iliruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi, ikitaraji tuiname. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na msaada mwingine wa serikali uliobaki. Ni Brandt aliyekuja kuiacha sera hiyo ya kuziadhibu nchi kwa kuitambua Ujerumani Mashariki.

Mwaka 1971 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki Oktoba 1992. Miaka minane baadaye Warsaw ilizindua mnara wake, karibu na ule wa geto: ukuta mdogo wa matofali wenye bamba la shaba, na juu ya bamba hilo amepiga magoti.