Sensa na maradhi sugu: Faida na mitego ya swali moja

SENSA ya watu kwa desturi huuliza umri, jinsia, elimu, kazi na aina ya makao. Ni nchi chache ambazo humtaka kila mkazi aeleze pia maradhi anayougua. Australia ilijiunga nazo Agosti 10, 2021, ilipouliza kwa mara ya kwanza katika sensa yake iwapo mtu amewahi kuambiwa na daktari au muuguzi kwamba ana ugonjwa wa kudumu.

Fomu iliorodhesha maradhi 10: baridi yabisi, pumu, saratani, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, kisukari, kiharusi, matatizo ya afya ya akili, na maradhi ya moyo, figo na mapafu. Aliyekuwa na ugonjwa mwingine alipewa nafasi ya kuonyesha hivyo.

Matokeo yalitangazwa Juni 2022. Kati ya wakazi milioni 25.4, zaidi ya milioni 8 walikuwa na angalau ugonjwa mmoja wa kudumu. Matatizo ya afya ya akili yaliongoza kwa watu zaidi ya milioni 2.2, yakifuatwa na baridi yabisi na pumu, kila moja ikiwa na zaidi ya milioni 2.

Faida ya sensa

Wataalamu wa takwimu kwa kawaida hupima maradhi kwa utafiti wa sampuli. Watu elfu kadhaa wakihojiwa vyema, hali ya taifa zima hujulikana. Hata hivyo, sampuli haiwezi kueleza hali ya tarafa moja, wala ya jamii ndogo ambayo watu wake wachache tu ndio waliohojiwa.

Hapo ndipo sensa huwa na nguvu. Kwa kuwa humfikia kila mtu, huwezesha maradhi kulinganishwa na umri, kazi, makao na mapato, mtaa kwa mtaa. Mpangaji huweza kuona ni wapi wazee wenye kisukari wanaishi peke yao.

Mitego

Historia inaonya kwamba swali la aina hii si jepesi. Mnamo 1851, sensa ya Uingereza ilianza kuuliza kuhusu vipofu na viziwi, na 1871 ikaongeza wenye maradhi ya akili. Maswali hayo yaliondolewa baada ya sensa ya 1911, kwa kuwa wazazi wengi hawakuwa tayari kukiri hali za watoto wao. Suala la ugonjwa wa muda mrefu lilirejea 1991 kwa sura nyingine: iwapo ugonjwa huo unamzuia mtu kufanya shughuli zake.

Aibu haijatoweka. Mara nyingi mtu mmoja hujibu kwa niaba ya nyumba nzima, na huenda asijue, au asitake kusema, kwamba mwenziwe anatibiwa msongo wa mawazo.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Swali la Australia huhesabu walioambiwa na mhudumu wa afya, wala si wote walio wagonjwa. Palipo na zahanati wengi hupimwa. Pasipo na zahanati wagonjwa huonekana wachache.

Hali ya Kenya

Kenya imewahi kutumia sensa kuwatambua watu waliokuwa hawahesabiwi. Sensa ya Agosti 2019, iliyopata watu 47,564,296, ilinakili watu 1,524 wenye jinsia mbili na 9,729 wenye ulemavu wa ngozi.

Sensa hiyo pia ilidhihirisha uzito wa maneno ya swali. Mnamo 2009, walemavu walikuwa asilimia 3.5 ya wananchi. 2019 wakawa asilimia 2.2. Katikati ya sensa hizo mbili maswali yalibadilishwa, na hesabu ya 2019 ikahusu wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Kwa hivyo, tofauti hiyo si ushahidi kwamba ulemavu ulipungua.

Kuhusu maradhi, utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu vyanzo vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Lakini zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo. Swali kama la Australia lingewaacha wengi wao nje, na kaunti yenye vituo vichache vya afya ingeonekana kuwa na watu wenye siha njema.

Tangu Katiba ya 2010, huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa serikali za kaunti 47. Iwapo fedha na dawa zingegawanywa kwa hesabu ya aina hiyo, kaunti zenye uhitaji mkubwa ndizo zingepunjwa.

Kwa mzunguko wa miaka 10, sensa ijayo itaangukia 2029. Iwapo swali la maradhi litaongezwa, itafaa liandamane na swali kuhusu nani amewahi kupimwa, na matokeo yake yasomwe sambamba na utafiti ambao wahojiwa hupimwa damu papo hapo.