Antminer S9
Antminer S9 ni mashine ya kuchimba bitcoin iliyotolewa na kampuni ya Bitmain ya China mwaka 2016. Chipu zake 189 hufanya tu hesabu ya SHA-256 inayotumika kuchimba bitcoin, hivyo mashine haifai kwa kazi nyingine. Anayeitumia nyumbani huhitaji pawasaplai, waya wa intaneti, pochi ya bitcoin na akaunti katika kundi la wachimbaji wanaogawana mapato. Kuiwasha ni rahisi. Kuishi nayo ndiyo shughuli. Feni zake mbili huvuma usiku kucha, na kwa kula takribani wati 1,350 humaliza uniti 32 hivi kwa siku, umeme wote ukigeuka joto. Tangu zawadi ya bloku, yaani malipo ya mchimbaji anayekamilisha bloku, ishuke hadi bitcoin 3.125 Aprili 2024, kwa bei za kawaida za umeme wa majumbani mashine hii hailipi.