Sauti ya Injili: Zaidi ya Miaka 60 ya Kwaya Hewani

Tarehe 26 Februari 1963, Mfalme Haile Selassie alizindua mjini Addis Ababa kituo cha redio kilichojengwa na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Wasikilizaji wa Kiswahili walikijua kwa jina la Sauti ya Injili. Kilikuwa na mitambo miwili ya masafa mafupi, kila mmoja wa kilowati 100, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Sigurd Aske wa Norwei. Karibu miezi minne baadaye, tarehe 19 Juni, makanisa saba ya Kilutheri nchini kwetu yaliungana na kuunda kanisa linaloitwa leo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Redio na kanisa lililoilea vilizaliwa mwaka mmoja.

Vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, katika studio iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro. Kanda zilisafirishwa mpaka Addis Ababa, zikarushwa kutoka huko, na sauti ikarudi Afrika Mashariki ikiwa imevuka mipaka. Ndivyo neno lililosemwa Moshi lilivyoweza kusikika hata huku Busi, katika vilima vya Kondoa, kwa mwenye redio ya betri na subira ya kutafuta mawimbi.

Waasisi walijiwekea kanuni ambayo inafaa kukumbukwa leo: sehemu 30 kwa 100 ya vipindi iwe mahubiri na ibada, na 70 iwe habari, afya, kilimo, malezi na elimu. Kwa wilaya kama Kondoa, yenye Waislamu wengi, kanuni hiyo ilikuwa na maana kubwa. Redio moja husikilizwa na ua mzima. Jirani asiyeingia kanisani angeweza kukaa, kusikiliza mafunzo ya kumtunza mtoto au shamba, na kuondoka na kitu cha kumfaa.

Lakini kilichopendwa kupita vyote ni kwaya. Nyimbo zilikuwa na asili mbili. Ya kwanza ni vitabu: Mwimbieni Bwana cha Walutheri, na Tenzi za Rohoni, ambacho kilitia katika Kiswahili nyimbo nyingi za uamsho za Marekani na Uingereza za karne ya 19. Ya pili ni ngoma na sauti za kwetu. Katika miaka ya 1960 Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Chuo cha Theolojia Makumira na aliyeandika pia kuhusu lugha ya Kinyaturu ya majirani zetu wa Singida, alikusanya nyimbo zenye mahadhi ya makabila ya Tanzania. Mwanafunzi wa Makumira, Bernard Kyamanywa, alitunga wakati huo wimbo wa Pasaka kwa mahadhi ya Kihaya, na leo unaimbwa makanisani Ulaya na Marekani. Mahadhi yaliyowahi kushukiwa kuwa ya kipagani yalionekana kuwa yanaweza kubeba habari ya ufufuko.

Kurekodi kulikuwa kazi. Mwalimu wa kwaya aliandika noti za do-re-mi ubaoni, akafundisha sauti moja moja, kwanza soprano na alto, kisha tenori na besi, mpaka zikakubaliana. Kisha wote waliimba pamoja mbele ya maikrofoni, na mmoja akiteleza, wimbo ulianza upya. Na wimbo wenyewe ulikuwa mahubiri kamili: beti zilisimulia habari ya Nuhu, Ayubu, Danieli au mwana mpotevu tangu mwanzo hadi mwisho, na kiitikio kikamgeukia msikilizaji na kumwuliza yeye anasimama wapi. Asiyejua kusoma aliweza kuijua Biblia kwa kusikiliza tu.

Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo cha Addis Ababa. Mitambo ilikwenda, lakini studio ya Moshi haikufa. Iliendelea kutayarisha vipindi na kurekodi kwaya, na kadiri redio kaseti zilivyoenea, wimbo ulitoka hewani ukaingia mfukoni. Hapo ndipo albamu ya kwaya ilipopata maisha yake vijijini. Betri zilizochoka zilianikwa juani ili zimalizie upande wa pili wa kanda. Mkanda uliolegea ulikazwa kwa kalamu ya wino. Kanda moja ilipita nyumba kadhaa, na wanakwaya waliirudisha nyuma tena na tena mpaka besi aipate njia yake. Kwa hiyo kwaya ya kijijini ilijifunza kutoka kwa kwaya isiyowahi kuonana nayo.

Kusini mwa Marekani injili ya kuimbwa ilienea kwa namna nyingine. Mwaka 1910 James D. Vaughan wa Lawrenceburg, Tennessee, aliwatuma waimbaji wanne wa kiume wazunguke wakiimba ili kuuza vitabu vyake vya nyimbo. Mwaka 1921 alianza kutoa sahani za santuri. Kule injili ya kuimbwa ilikua pamoja na biashara. Kwetu ilikua pamoja na usharika, na wengi walioimba katika kanda hizo hawakuandikwa majina.

Sheria ya utangazaji ya 1993 iliruhusu redio zisizo za serikali, na katika miaka ya 1990 Sauti ya Injili ikaanza kurusha matangazo yake yenyewe kutoka Moshi. Kipindi hicho hicho kilifungua njia kwa waimbaji binafsi. Rose Muhando, aliyelelewa katika Uislamu na kuanza kama mwalimu wa Kwaya ya Mtakatifu Maria, Chimuli, hapa Dodoma, alitoa albamu ya Mteule Uwe Macho mwaka 2004, na mwaka 2011 akasaini mkataba na Sony. Jina lake linajulikana kote Afrika Mashariki. Shule yake ilikuwa kwaya.

Hiyo ndiyo heshima ya Sauti ya Injili. Iliwaamini watu wa kawaida, wakulima na mama wa nyumbani, kwamba imani yao inastahili kusikilizwa na wengine, ikawafanya wasikilizane. Kumbukumbu inayoifaa ni kazi, si sherehe. Kila usharika wenye kanda za zamani uzikusanye kabla vumbi na joto havijazimaliza, uzihamishie kwenye kompyuta, na uandike majina ya walioimba wakati wazee wanaozitambua sauti hizo wangali hai.